Miguu ya Bosi Chuma

Kosa langu la kwanza nilifanyia kwa kinyozi. Nilikalia kiti cha Onchiri pale sokoni Ikonge, nikamwambia aninyoe kwa adabu kwa sababu hiki kichwa kitaonekana kwa filamu. Akauliza filamu gani. Nikamwambia. Na kumwambia Onchiri kitu ni kama kukisoma kanisani wakati wa matangazo. Kufika saa kumi jioni, hata yule mama wa omena alikuwa ananiita staringi, na mimi naitikia.

Odisheni yenyewe ilikuwa bado siku tisa.

Filamu ilikuwa Kisasi cha Manga. Kama wewe si wa huku, hujui, na si makosa yako. Mwaka wa 2008 jamaa fulani wa kupiga video za harusi waliamua kutengeneza filamu ya ngumi. Walikuwa na kamera moja, bastola ya mbao na damu ya juisi ya unga. Ikauzwa kwa CD kila soko, kutoka Keroka mpaka Daraja Mbili. Hadithi yake hata ng'ombe anaweza kufuata. Bosi Chuma anaiba mashamba ya majani chai ya watu. Staringi anatoka jeshini, anapiga vijana wote wa Bosi Chuma, mwisho wanakutana wawili shambani. Sasa hapo, badala ya kumuua, staringi anashika mshipi wa Bosi Chuma na kumvua suruali. Bosi Chuma anakimbia katikati ya majani chai na koti lake refu jeusi na kaptula nyekundu, miguu ya matege ikiruka huku na huku. Watu walikuwa wanaanguka kwa viti. Mpaka leo, mtu akibwagwa kwa kura hapa Nyamira, wanasema amekimbia ya Bosi Chuma.

Mimi nilikuwa mtoto, na niliiangalia hiyo CD mpaka ikaanza kukwama mahali pa suruali.

Juzi akaja dairekta anaitwa Fred, akatangaza kwa redio kwamba anairudia upya, na kamera za maana. Fred ni Mgusii wa Nairobi. Jina ni la kwetu, lakini Ekegusii yake inaishia kwa salamu ya asubuhi. Alisema anatafuta staringi mpya, kijana, mwenye nguvu. Lakini Bosi Chuma hatabadilishwa. Atakuwa yule yule wa kwanza, mzee Machogu.

Na mzee Machogu ni baba yangu mdogo. Anamfuata marehemu baba yangu kwa kuzaliwa. Siku hizi ni shemasi wa Sabato, ana majani chai na magoti mabaya, lakini akipita sokoni watu bado wanamwita Bosi, na yeye anajifanya hapendi huku anapunguza mwendo ili waite tena.

Mimi sifa zangu zilikuwa hivi. Narusha magunia ya majani juu ya lori kila siku, kwa hivyo kifua kipo. Shule niliacha kidato cha pili, na si karo, nilichoka tu kukaa mahali pamoja. Tangu hapo nimeacha kazi saba. Hii ya lori ilikuwa ya nane na nilikuwa nimeshaanza kuiangalia vibaya. Nilijua mahali mtu kama mimi anafaa kuwa ni kwa filamu, ambapo unapiga mtu na hamna kesi.

Shida ilikuwa moja tu, miguu. Ukoo wetu tuna matege. Mguu mmoja unaelekea Kisii, mwingine Keroka, sisi wenyewe tunabaki hapo katikati. Ndiyo maana mimi huvaa suruali pana hata jua likiwaka. Lakini nilifikiria, staringi havuliwi suruali. Staringi ndiye anavua. Niko sawa.

Mama aliambia akina mama wa Dorkasi, kikundi chao cha kanisani, kwamba kijana wake amechukuliwa na filamu. Nilimsikia. Ningeweza kumrekebisha. Niliongeza chai kwa kikombe.

Odisheni ilikuwa Jumapili, uwanja wa shule ya msingi, juu Jumamosi ni Sabato, hakuna mtu hapa angeenda na Ijumaa jioni ni hivyo hivyo. Tulikuwa vijana kama ishirini. Mimi nilikuja na jaketi la ngozi la mitumba ambalo lilikuwa linanuka duka. Mzee Machogu alikuwa amesimama katikati ya uwanja na lile koti lake la 2008. Lilikuwa limekaa kwa sanduku miaka hiyo yote, na halikuwa na tundu hata moja.

Fred akaeleza. Kila mtu atasema sentensi moja, "Hata chuma hushika kutu," halafu atashika mshipi wa mzee na kuuvuta kwa nguvu, kama anataka kuvua. Hakuna kuvua leo, alisema, nataka tu kuona macho yenu mkivuta.

Hapo ndipo kila kitu kilianza kwenda vibaya, na Fred hakujua ni kwa nini.

Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na ni haya, zimeshikana. Baba na mtoto hawaonani uchi. Mtoto haingii chumba baba analala, hataji mwili wa baba, hamvuti baba nguo hata kwa mchezo. Na baba si yule alikuzaa peke yake. Ndugu zake ni baba. Wanaume wa rika lake hapo kijijini ni baba, na wote tunawaita Tata. Sasa fanya hesabu. Vijana ishirini wa Ikonge, na huyo mzee kwa uwanja ni baba wa wote. Ile 2008 haikuwa shida, kwa sababu staringi wa wakati huo alitahiriwa mwaka mmoja na Machogu. Hao walikuwa wa rika moja, na marika hutaniana mpaka unafunga masikio.

Wa kwanza kuingia alikuwa Geoffrey wa pikipiki. Huyo hupitisha pikipiki kwa matope ya magoti bila kushika breki. Alisema sentensi yake akiangalia mawingu, akanyoosha mkono kuelekea mshipi, mkono ukapinda njiani wenyewe, akajikuta anamsalimia mzee kwa mikono miwili. Wa pili aliuliza kama anaweza kuvua kofia badala yake. Wa tatu alishika ukingo wa koti na vidole viwili, kama mtu anatoa nywele kwa chakula. Wa nne alisema amekumbuka ng'ombe wake hajanyweshwa maji, na hana ng'ombe.

Fred alikuwa anazunguka akishika kichwa, anauliza nini mbaya na hawa watu. Hakuna mtu alimwambia. Utamwambiaje? Ukianza kueleza, utakuwa umeshataja suruali ya baba, na yeye amesimama hapo anasikia.

Mimi nilikuwa nacheka kwa sauti. Nilimwendea Fred, nikamwambia asijali, hao ni washamba, wanaogopa mambo ya wazee wa kitambo. Mimi ni mtu wa kisasa. Filamu ni filamu. Akaniuliza kama namjua mzee. Nikasema namjua kwa kumuona.

Hiyo sentensi bado inaniamsha.

Nikaingia. Nilitembea polepole nikitoa mabega, vile nilifanya mazoezi nyuma ya choo chetu. Nikafika karibu. Nikasema, "Hata chuma hushika kutu," na sauti ilitoka nzito, hata mimi ilinitisha kidogo. Nyuma nikasikia Fred anasema, haya, sasa huyu. Nikashika mshipi. Ndiyo, niliushika, kwa mikono miwili, vidole viliingia. Mimi peke yangu kati ya watu ishirini.

Mzee Machogu akaniangalia. Hakukasirika. Alikuwa tu na ule uso wake wa kila siku.

"Mose," akasema, "mama yako hajambo?"

"Hajambo, Tata."

"Lile jino bado linamsumbua?"

"Limepoa, Tata."

Na huku naitikia, mikono yangu ilikuwa imeshatoka kwa mshipi, imejipanga nyuma ya mgongo, na kichwa kimeinama. Sikuambia mwili ufanye hivyo. Ulifanya wenyewe. Geoffrey akaanza kucheka, halafu ishirini wakacheka, na mbuzi mmoja pale kwa uzio akalia, na mimi nilihesabu hata huyo.

Fred aliniambia asante. Hakuna neno baya kama asante ya dairekta.

Wiki iliyofuata akaleta mtu kutoka Kisumu. Anaitwa Ochanda. Huyo kazi yake ni jukwaa. Anazunguka shule za upili na kikundi chake, wanaigizia wanafunzi vile vitabu vya mtihani, na kwa televisheni nimeshamuona mara mbili akiwa polisi. Sokoni habari ikafika kabla ya yeye kufika. Onchiri aliniuliza, mbele ya wateja, kama bado nataka kichwa kinyolewe cha filamu ama arudishe cha kawaida.

Nilienda kumuona nikitafuta kasoro, na nilizipata. Mikono myembamba kama ya mwalimu wa kwaya. Anavaa miwani akisoma. Anakula ndizi na uma. Nikaambia watu, huyu akirushiwa gunia la majani atazikwa nalo. Wakaniambia, lakini yeye hakuulizwa habari ya gunia. Jambo la kwanza alifanya ni kwenda nyumbani kwa mzee Machogu. Alimsalimia, akaketi, akanywa uji, akaomba ruhusa ya kushika mshipi wake mbele ya watu. Mzee akamwambia wewe si mtoto wangu, shika. Ikaisha. Mimi jambo kama hilo la kuomba ruhusa halikuwahi kupita kwa kichwa changu hata likitafuta njia.

Fred alinipa kitu kidogo, labda kwa huruma. Nilikuwa mbeba gunia wa tatu. Kuna wawili mbele yangu. Mama aliniuliza staringi hubeba gunia? Nikamwambia hii ni sehemu ya mafunzo. Akaniangalia muda mrefu, akaendelea kumenya ndizi.

Siku ya kupiga ile sehemu ya suruali tulienda shamba moja karibu na Ikonge, mteremko mzuri, majani yamesimama sawasawa. Fred alitaka wachunaji thelathini nyuma, na vikapu, waonekane wakicheka Bosi Chuma anapokimbia. Akaajiri akina mama wa hapo hapo. Hakuuliza ni nani na nani. Mmoja alikuwa Cynthia, mke wa kijana wa kwanza wa Machogu. Mwingine alikuwa mke wa kijana wa pili. Wengine waliobaki, wengi wao wameolewa na vijana ambao humwita Machogu baba.

Mzee akasimama mahali pake. Ochanda akasimama pake, bila miwani, na nikubali, mwili wake ulikuwa umebadilika. Nilikuwa nimezoea kuona mwalimu wa kwaya, na sasa kuna mwanajeshi hapo. Fred akasema tunaanza. Ochanda akasema ile sentensi, akashika mshipi.

Akina mama thelathini wakageuka wote, wakaipa kamera migongo. Hawakuambizana. Waligeuka kama majani yamepigwa na upepo, wakaanza kuchuna, tena haraka, majani mabichi na yaliyokomaa pamoja.

Fred akasimamisha. Akawaomba wageuke. Wakageuka, wakacheka vizuri, wakaambiwa tuanze, Ochanda akashika mshipi, wakageuka tena. Mara ya tatu mzee mwenyewe alikuwa ameshika mshipi wake na mikono miwili na hauachi. Niliona jasho kwa paji lake. Alikuwa amekubali hii kazi akikumbuka 2008, wakati alikuwa na marika yake peke yao kule Manga na watoto wake ni wadogo. Alisahau amezeeka tangu hiyo CD. Sasa ana wakaza wana, na wamesimama hapo na vikapu.

Ochanda akaachilia. Akarudi hatua mbili, akamwambia Fred, bila kupandisha sauti, "Mimi siwezi kumvua huyu mzee mbele ya wake wa watoto wake. Hata kwetu hiyo haifanyiki."

Fred akakasirika, na sikumlaumu, jua lilikuwa linakwenda. Akasema bila suruali hakuna filamu, watu wanakuja kuona suruali. Akasema basi ataenda Nakuru atafute Bosi Chuma mwingine, aanze upya. Alisema hivyo akiangalia kamera, lakini mzee alisikia. Alianza kufungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anarudisha kitu ambacho aliazimwa.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu. Na hapa ningependa kusema niliwaza jambo kubwa. Sikuwaza. Niliona tu ule uzee wa vidole vyake kwa vifungo, na nikasimama.

"Fred," nikasema, "unataka uso wake ama unataka miguu yake?"

Akauliza namaanisha nini. Nikavuta suruali yangu juu ya magoti. Miguu yote miwili, mbele ya akina mama thelathini, wabeba gunia, dereva wa lori na mtu wa Kisumu. Miaka ishirini na tatu nimeficha hiyo miguu. Upepo uliipata kama mgeni.

Halafu Cynthia, ambaye kwangu ni shemeji na ana ruhusa ya kuniambia lolote, akasema kwa hivyo ndiyo sababu ya suruali pana. Akina mama wakaangua kicheko ambacho Fred alikuwa ametafuta siku nzima.

Fred alizunguka nyuma yangu, akachuchumaa, akaangalia miguu kama mtu ananunua ng'ombe. Akasema kutoka nyuma hakuna mtu atajua. Hayo tu ndiyo nilihitaji kusikia, kwamba nitakuwa kwa filamu na hakuna mtu atajua.

Mzee Machogu alivua koti, akanivisha. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia majani chai akiongea nayo.

"Usiikunje miguu sana," akasema. "Mguu wa kushoto uutupe nje kwanza. Wa kulia utafuata wenyewe."

Halafu akaenda nyuma ya lori, akakaa huko, mgongo kwetu, asione.

Tulirudia mara sita. Ochanda anavua suruali ya mtu kwa ustadi ambao sitaki kujua alipata wapi. Mara ya kwanza nilikimbia nikiwa nimeshika uso. Fred akasema unashika uso na ni miguu tunapiga. Mara ya pili nilianguka. Mara ya tatu kaptula nyekundu ilitaka kufuata suruali. Mara ya nne Ochanda akaniita kando, akavaa miwani yake.

"Unakimbia kama mtu anajua amevuliwa," akaniambia. "Kimbia kama mtu ambaye bado anafikiri ni bosi."

Hiyo niliiweza bila mazoezi. Nimeishi hivyo tangu kidato cha pili.

Filamu ilionyeshwa Nyamira mjini, ukumbi wa kukodisha, Jumapili alasiri. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Mama alikuja na Dorkasi wote, wamevaa sare. Alikuwa ameacha kuuliza mimi niko sehemu gani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuulizwa. Nilikaa upande wa ukuta. Mzee Machogu alikuwa mbele, na lile koti lake, amepewa kiti chenye mikono.

Nikajiona mara moja, na gunia, nusu ya bega. Geoffrey alipiga makofi akinicheka. Filamu ikaendelea, na kusema kweli Ochanda ni mzuri, nilisahau kumchukia mahali pengi. Uso wa mzee uliingia na watu wakapiga kelele Bosi, Bosi. Halafu tukafika shambani. Ochanda akasema hata chuma hushika kutu, na ukumbi mzima ukasema naye.

Hapo mzee Machogu akasimama. Akapita kati ya viti akiinama, akatoka nje. Na mimi nikaelewa mara moja, kwa sababu chinsoni huenda njia zote mbili. Mtoto haoni mapaja ya baba, na baba haoni ya mtoto. Asingekaa hapo aangalie miguu yangu. Na mimi nisingekaa hapo nione ile ambayo watu wote wanadhani ni yake, mama yangu na Dorkasi wakiwa kando. Nikasimama pia. Nikakanyaga mtu. Nikatoka.

Alikuwa amesimama kwa veranda, anaangalia barabara. Nikasimama upande ule mwingine, naangalia ukuta. Ndani kelele ikalipuka. Nimewahi kusikia mpira wa kombe la dunia, haufiki hapo. Watu walikuwa wanagonga viti. Mtu fulani alikuwa analia kabisa. Juu ya hiyo kelele nikasikia sauti moja ya mwanamke, najua hiyo sauti, imeniita kutoka kwa miti na mito tangu nizaliwe.

"Hiyo ni ya Mose," mama alikuwa anawaambia Dorkasi. "Niliiosha mimi hiyo miguu. Hiyo ni ya Mose wangu."

Ukumbi ukanyamaza kidogo, wakifikiria, halafu kelele ikarudi mara mbili.

Mzee alikohoa. Bado anaangalia barabara.

"Wamecheka?" akauliza.

"Wamecheka, Tata."

"Kuliko 2008?"

Nilikuwa mdogo 2008, sikukumbuka vizuri. Lakini sikiliza, mimi nimewahi kudanganya kinyozi, mama na dairekta, na huyu mzee alikuwa amesimama nje ya filamu yake mwenyewe.

"Hapana, Tata," nikasema. "2008 walicheka zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, akapanga koti vizuri mabegani. Tukangoja hapo, yeye na barabara yake, mimi na ukuta wangu, mpaka miguu ikaisha.

Sijaiona mpaka leo. Iko kwa simu ya kila mtu hapa Ikonge. Geoffrey ameiweka hata kama mlio wa kuita, sijui vipi. Nikipita kwa kinyozi wananiambia nikunje suruali, na siku hizi, jua likiwa kali, mimi huikunja.